Kanda Niliyoipa Alama Mbili

Ipo Jumanne moja, mwanangu, ambayo hainitoki akilini, ingawa nimesahau mengi yaliyokuja baada yake. Ilikuwa miaka ile ya tisini. Mvua ya Kakamega ilikuwa inanyesha mchana kama kawaida yake, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya duka la kanda, msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye maoni juu ya kila kitu.

Nakusimulia kisa hiki kwa sababu juzi nilikuona ukisikiliza nyimbo katika simu yako. Unasikiliza kidogo, unaruka. Unasikiliza kidogo, unaruka tena. Na kila moja unaiandikia neno lako: mbaya, inachosha, hii sawa. Sikukasirika. Nilicheka peke yangu, maana nilijiona.

Duka lilikuwa la Bwana Shivachi, mtu mpole aliyependa kukaa nje kwenye kiti cha plastiki akiongea na wapita njia. Lilikuwa chumba kimoja karibu na soko, na spika mbili kubwa mlangoni. Ndani kulikuwa na deki za kurekodia, rafu za kanda, na mimi. Wakati huo hapakuwa na simu za nyimbo. Mtu akitaka albamu, anakuja, anachagua, nami namrekodia kwenye kanda tupu huku akienda sokoni kununua mboga. Akirudi anaipata tayari, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi.

Nilisikiliza muziki kuanzia asubuhi hadi jioni. Vijana wa sekondari walitaka rapu ya Marekani. Watu wachache wa ajabu walitaka roki. Wazee, na akina mama waliotoka vijijini, walitaka nyimbo za kwetu, za litungu na za ngoma ya isukuti. Mimi nilisikiliza zote, na baada ya muda nikaanza kuamini kwamba kusikiliza zote ni sawa na kuzijua zote.

Ndipo nikaanzisha ubao. Ulikuwa ubao mweusi wa shule uliovunjika pembe moja, nikauegemeza mlangoni. Kila Jumatatu niliandika kwa chaki kanda tatu au nne, na chini ya kila moja maoni yangu na alama kwa kumi. Mwanangu, watu walisimama kusoma! Walimu walisimama, makarani walisimama, hata polisi mmoja alikuwa akishuka kwenye baiskeli yake kila wiki ili asome. Vijana walibishana nami. Bwana Shivachi alifurahi kwa sababu wateja waliongezeka. Nami kichwa kikanivimba.

Nitakuambia nilivyoandika, upime mwenyewe. Kulikuwa na kanda moja ya rapu, vijana wawili wakipokezana maneno kwa kasi hata sikujua ni nani ameshika zamu. Niliipa tisa. Niliandika kwamba wimbo wa nne una besi ya kutikisa chupa za soda za jirani. Hilo lilikuwa kweli kabisa, jirani mwenyewe alikuja kulalamika.

Halafu kulikuwa na kanda ya roki iliyoletwa na mwalimu mmoja Mzungu, kijana wa kujitolea, aliyekuwa akifundisha hesabu upande wa Mukumu. Mara ya kwanza nilidhani deki imeharibika. Gita lilikwaruza kama bati linaloburutwa kwenye changarawe. Nikachukua pamba na spiriti, nikasafisha kichwa cha deki, nikarudia. Bado lilikwaruza. Nikarudia mara ya tatu, na hapo ndipo nikasikia kwamba chini ya yale makwaruzo kuna sauti ndogo, tamu, kama mtu anayembembeleza mtoto huku nyumba inabomolewa. Niliipa saba, na nikajiona mtu mwenye masikio ya pekee.

Kumbuka hapo, mwanangu. Kanda ya yule mgeni niliisikiliza mara tatu. Sikujiuliza kwa nini niliivumilia. Siku hizi najua: niliivumilia kwa sababu imetoka mbali.

Sasa sikia ile nyingine. Miezi miwili kabla ya Jumanne ninayokusimulia, alikuja dukani mzee mmoja wa Kabras, jina lake Mzee Makokha. Alikuwa mkulima wa miwa, mwembamba, mrefu, mwenye koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Alipiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi inayopakatwa kifuani, na alijulikana kwa harusi na matanga huko kwao. Mpwa wake alikuwa amemrekodi nyumbani kwa redio kaseti, pande zote mbili za kanda moja. Mzee alimwachia Bwana Shivachi kanda hiyo ili atoe nakala za kuuza. Tukatoa nakala kumi. Ile kanda yenyewe tukaiweka kwenye boksi pamoja na nakala zake. Haikuwa na jina juu yake, ilikuwa na alama ndogo ya penseli tu.

Nilianza kuisikiliza saa nne nikinywa chai kwa andazi. Wimbo wa kwanza ulikuwa mrefu, kisa cha mtu aliyeazima baiskeli ya shemeji yake akaipoteza ndani ya shamba la miwa. Mzee aliimba, akasimama akaongea, akaimba tena. Nyuma yake jogoo wa nyumbani akawika. Nilisikiliza wimbo huo na nusu ya wimbo wa pili, andazi likaisha, nikazima. Upande wa pili sikuugeuza.

Nikaenda kwenye ubao nikaandika: "Litungu kutoka Kabras. Wimbo wa kwanza ni mrefu kama msururu wa matrekta ya miwa. Jogoo anaimba vizuri kuliko mwimbaji. Mbili kwa kumi."

Watu walicheka. Kwa wiki mbili, kila aliyepita mlangoni aliniwikia kama jogoo, nami nilicheka nao. Zikauzwa kanda mbili tu. Mwishowe Bwana Shivachi akaniambia, "Hizi hazitembei. Zimeshika vumbi bure. Rekodi rapu juu yake."

Unajua zamani kanda ilikuwa na vijipande viwili vya plastiki kwa juu. Ukivivunja, deki haikubali kurekodi juu ya kilichomo. Tulikuwa tumevivunja vyote ili nyimbo za Mzee zilindwe. Kwa hiyo nilikata seloteipu vipande vidogo, nikaziba matundu ya kila kanda kwa vidole vyangu mwenyewe, na kwa siku mbili nikafuta Kabras yote nikaweka Marekani. Kila iliyokuwa ndani ya lile boksi niliifuta. Sikuangalia ipi ina alama ya penseli.

Basi Jumanne ile mvua ilipokuwa inanyesha, Mzee Makokha aliingia dukani akikung'uta maji kwenye koti lake.

"Mulembe, binti," akasema.

"Mulembe, Mzee. Karibu ukae."

Akakaa kwenye benchi, akafuta uso kwa kitambaa. "Nimekuja kuchukua ile kanda yangu ya kwanza. Si za kuuza. Ile niliyowaletea. Jumamosi hii tuna makumbusho nyumbani, watoto wanataka kuisikia."

Nilijua mara moja kanda hiyo imekwenda wapi, mwanangu. Lakini nilikuwa kijana, na kijana akibanwa huanza kwa kujificha. Nikasema, "Ngoja niitafute." Nikainama chini ya meza, nikaanza kupanguapangua maboksi ambayo nilijua vizuri yana nini.

Mzee hakuwa na haraka. Mvua ilikuwa imemfungia humo. Akatazama ubao, ambao niliuingizaga ndani mvua ikinyesha, akausoma polepole, mstari kwa mstari.

"Hii umeipa tisa," akasema. "Ina nini? Niwekee nisikie."

Nikaweka ile rapu, nikitumaini itamsumbua aondoke. Hakuondoka. Aliinamisha kichwa, akaweka mikono magotini, akasikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa mwanawe. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipotaka kuzima alininyooshea kiganja: acha.

"Huyu anaongea na nani?" akauliza.

"Na kila mtu, Mzee. Anajisifu. Anasema yeye ni hodari kuliko wengine wote."

"Anataja kwao?"

"Anataja mtaa wao. Na kuna wimbo anamtaja mama yake."

Uso wake ukachangamka. "Ehe! Hata sisi tunafanyanga hivyo. Unaanza na jina lako, unataja ukoo wako, ndio watu wajue wanamsikiliza nani. Kumbe ni watu wetu hawa." Akasikiliza tena, kisha akakunja uso kidogo. "Lakini huyu wa ngoma, kwani hachoki?"

"Ngoma ni mashine, Mzee. Hakuna mtu anayeipiga."

"Nilihisi hivyo. Mtu angepumua hapa." Akainua kidole, akasubiri, akakishusha. "Na hapa."

Mwanangu, kanda hiyo niliirekodi labda mara mia, na sikuwahi kusikia kwamba ngoma yake haipumui. Kuanzia siku hiyo siwezi kuacha kusikia.

Upande wa kwanza ulipoisha akaomba ile ya roki. Nilimwambia itamkera. Akasema acha ikere. Akasikiliza yale makwaruzo bila kupepesa macho, kisha akauliza, "Huyu kijana ana shida gani?"

"Sijui. Maneno yake hayasikiki vizuri."

"Hata mimi sijaelewa neno moja, na nimejua ana shida. Basi anajua kazi." Akacheka kidogo. Halafu, kwa sauti ileile ya upole, akasema, "Mimi uliniandikia mbili."

Nilikuwa bado nimeinama nyuma ya meza, boksi mkononi.

"Niliambiwa," akasema. "Watu wa kwetu wanakuja sokoni, wanasoma. Si mbaya. Alama ni yako. Nilitaka tu kukuuliza, upande wa pili ulisikiliza?"

"Ndiyo, Mzee."

"Anayeimba upande wa pili, ulimwonaje?"

Nikatafuta haraka kitu cha kumpendeza. "Uliimba vizuri sana upande huo, Mzee. Sauti yako ilikuwa imetulia kuliko upande wa kwanza."

Alinitazama muda mrefu. Hakukuwa na hasira machoni pake, kulikuwa na kitu kama huruma, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

"Upande wa pili si mimi," akasema. "Ni mke wangu, Sipora. Mimi nampigia litungu tu. Yeye ndiye ameimba, nyimbo sita. Aliugua baada ya hapo, hakukaa. Ndiyo makumbusho ya Jumamosi, ya kumkumbuka marehemu. Sauti yake iko ndani ya hiyo kanda na hakuna mahali pengine."

Nilisimama. Nikamwambia yote: andazi, ubao, seloteipu, rapu. Nilimwambia kwamba kanda yake sasa ina wale vijana wawili wa Marekani pande zote mbili.

Mzee Makokha alifungua kifungo cha juu cha koti, akakifunga tena. Mvua ilikuwa imepungua, watu walianza kupita nje. Mwishowe akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi uzee huu:

"Ulinihukumu kabla ya kunisikiliza. Mimi naweza kuvumilia, bado nina mdomo, naweza kuja hapa tukabishana. Yeye je? Yeye atakujibu na nini?"

Akainuka, akatoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Niliketi pale mpaka Bwana Shivachi akaingia kuniuliza kwa nini spika zimenyamaza. Nilipomweleza aliguna, akasema kosa ni letu sote wawili, lakini kilichofutika kimefutika. Nami ndipo nikakumbuka zile kanda mbili zilizouzwa. Moja ilinunuliwa na mtu wa kupita, uso wake sikuukumbuka hata kidogo. Ya pili nilimkumbuka mnunuzi: mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyebeba mbegu za mahindi kichwani. Aliniuliza mara mbili kama kanda ni ya Kabras kweli. Akasema ameolewa Lugari, anakaa Mautuma, na huko hasikii mtu wa kwao akiimba.

Sikujua jina lake. Nilijua Mautuma tu. Alhamisi asubuhi nilipanda gari nikaenda.

Nilifika sokoni nikaanza kuuliza. Kuna mama wa Kabras hapa, ana redio kaseti? Watu walicheka, wakaniambia akina mama wa Kabras ni wengi na redio ni nyingi. Niliuliza kwa muuza chumvi, kwa fundi wa baiskeli, kwa wazee waliokaa mbele ya duka la mbolea. Mwishowe msichana mmoja aliyekuwa akiuza nyanya akasema, "Unatafuta Mama Everlyne. Yule wa litungu. Anaipiganga hiyo kanda mpaka majirani tunaijua kwa kichwa."

Nikaonyeshwa njia kati ya mashamba makubwa ya mahindi, yale yaliyokuwa ya Wazungu zamani. Nyumba sikuiona kwanza, niliisikia. Litungu lilikuwa linalia nyuma ya ua wa miti, na juu ya litungu kulikuwa na sauti ya mwanamke.

Nilisimama njiani, mwanangu. Sikuweza kuendelea.

Sauti ile haikuwa ya kupendeza kwa namna niliyozoea kuandika kwenye ubao. Ilikuwa ya chini, kavu kidogo, kama ya mtu anayeongea na mwenzake aliye chumba cha pili huku mikono yake inafanya kazi. Aliimba majina ya watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kwa kila jina aliongeza tabia: huyu wa kulia bila sababu, huyu wa kuficha mnofu chini ya ugali. Katikati ya wimbo alicheka. Mahali pengine alimwambia mumewe, "Makokha, polepole, hatufukuzwi," na litungu likapunguza mwendo. Nikakumbuka Mzee alivyoinua kidole dukani akisema mtu angepumua hapa. Sipora alipumua. Ulimsikia kabisa akivuta pumzi.

Mama Everlyne alikuwa nyuma ya nyumba na majirani wawili, wanapukuchua mahindi. Nilijitambulisha. Akanitazama kwa makini.

"Si wewe ndiye yule wa ubao?"

"Ndimi, mama."

"Mimi nilinunua kwa sababu ya ubao wako!" akasema, akapiga paja. "Uliandika kuna jogoo. Nikasema, jogoo wa kwetu namtaka hata kama mwimbaji ni mbaya. Na kumbe mwimbaji si mbaya. Ulikuwa unaumwa masikio siku hiyo?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikaanza kulia. Wakaacha kucheka, wakanipa kigoda, na nikawasimulia yote yaliyotokea. Mama Everlyne alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutoa punje kwenye gunzi. Nilipomwomba kanda, akatikisa kichwa.

"Kanda siachi. Nimekaa huku miaka mingi. Huyu mama ndiye jirani yangu wa kwetu. Halafu nikupe wewe, uliyefuta zingine?"

Alikuwa na haki.

Akafikiri, kisha akasema, "Nitakuja nayo mwenyewe kesho. Nitakaa kando ya hiyo mashine yako nikitazama mkono wako. Na Jumamosi nitaenda nanyi huko kwa makumbusho. Mtu nimemsikiliza hivi, sikujua hata kwamba alikuwa amekufa."

Kisha akaniambia jambo moja zaidi. Katika wimbo wa nne wa upande ule, redio yake iliwahi kuitafuna kanda. Aliikunjua kwa mikono, akairudisha kwa kuizungusha na kalamu, lakini mahali pale pamekufa. Aliniwekea nisikie. Sipora anaanza ubeti, anasema maneno mawili, halafu kunakuwa na mlio kama wa maji yanayotiririka, kisha anarudi mwishoni mwa ubeti, na watu waliokuwa chumbani siku ya kurekodi wanacheka sana.

Ijumaa alikuja kweli, kanda ameifunga kwenye kitambaa kifuani. Nilitoa nakala tatu. Alikaa karibu nami hata bega lake liligusa langu, na kila nilipogusa kitufe aliuliza, "Hicho ni cha nini?" Safari hii nilivunja vile vijipande vya plastiki kwa kila nakala, na nikaandika kwa wino jina la Mzee Makokha upande wa kwanza, la Sipora upande wa pili.

Jumamosi tulikwenda Kabras. Nyumbani kwa Mzee kulikuwa na watu wengi, viti vya kanisa vimepangwa uani. Nilimkabidhi kanda mbele ya watoto wake wanne, watu wazima wote, nikapiga magoti kumwomba msamaha. Aliniinua kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umeshika kanda. Baada ya sala wakaiweka kwenye redio kubwa juu ya meza.

Sipora alipoanza kuimba, binti yake wa mwisho alijifunika uso kwa leso. Alipofika kwenye majina, kila mtoto alisikia lake, na tabia yake, na yule wa kuficha mnofu alikuwa sasa mwanamume mwenye ndevu, akalia na kucheka kwa pamoja. Mama Everlyne aliimba naye kila neno, ingawa watu hawakumjua ni nani.

Halafu ukaja wimbo wa nne. Maneno mawili, kisha ule mlio wa maji, kisha kicheko.

Mzee akasimamisha redio. Akauliza, "Hapo alisema nini?"

Watoto wakatazamana. Mpwa aliyerekodi alisugua paji la uso, akasema anachokumbuka ni kwamba walicheka hadi akaogopa ataharibu kanda. Mzee mwenyewe alichukua litungu, akapiga wimbo ule tangu mwanzo ili maneno yamrudie, akafika mahali pale, vidole vikaendelea lakini mdomo haukupata kitu. Alijaribu mara mbili. Kisha akasema, "Aliutunga siku hiyo hiyo. Hakuwahi kuuimba tena."

Ile kanda ya kwanza, yenye alama ya penseli, ilikuwa na ubeti huo mzima. Kila mtu pale alijua. Hakuna aliyenitazama, na niliona jinsi walivyojitahidi kutonitazama. Ubeti ule, mwanangu, haujapatikana mpaka leo. Nimewauliza watu wengi kwa miaka mingi. Yule mnunuzi wa kupita sikumwona tena.

Tulipokuwa tunakula obusuma na ingokho, ule ugali wetu na kuku wa kienyeji, Mzee Makokha alikuja akaketi karibu nami.

"Haya," akasema, "sasa nipe alama."

"Siwezi, Mzee."

"Unaweza. Sasa umesikiliza. Aliyesikiliza ana ruhusa."

Nikafikiri sana. Sikutaka kumdanganya mara ya pili. "Upande wa Sipora sina alama za kuutosha," nikasema. "Lakini wimbo wako wa kwanza, Mzee, ule wa baiskeli, bado ni mrefu."

Aliangua kicheko mpaka akalazimika kuweka sahani chini. "Hata Sipora aliniambia!" akasema. "Aliniambia siku hiyohiyo, baiskeli ipatikane mapema, watu wana njaa." Akafuta macho. Halafu akaniomba kitu ambacho sikukitarajia: nimrekodie ile rapu. Anataka, alisema, kujua kama anaweza kuweka pumzi ndani yake. Nilimrekodia, na nasikia aliwasumbua nayo wakata miwa wa kwao mwaka mzima.

Niliendelea na ubao miaka mingine minne, hadi Bwana Shivachi alipofunga duka. Alama niliziacha. Niliandika nilichosikia, na kama sijasikiliza pande zote mbili niliandika hivyo wazi: sijamaliza. Polisi wa baiskeli alilalamika kwamba ubao umekuwa mrefu, lakini alisoma.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayotaka uyachukue. Kuwa na maoni. Sikukatazi hata kidogo, mtu asiye na maoni hasikilizi, anapitiwa tu na sauti. Kitu kikiwa kibaya sema ni kibaya, na mwenye nacho akikuuliza ana kwa ana, mwambie hivyohivyo. Lakini kwanza kaa nacho mpaka kiishe. Jiulize huyu anaongea na nani, na kama si wewe, tafuta anayeongea naye umuulize anasikia nini. Uvumilivu unaompa mgeni wa mbali, mpe pia mtu wa kijiji cha pili. Usiseme umesikiliza kama hukusikiliza. Ni uongo mdogo, na utakuaibisha kuliko ujinga wenyewe. Na usifute. Kisichokupendeza kiache mahali pake, kipite, maana hujui ndani yake kuna nani. Mimi nilifuta kwa siku mbili, na kuna maneno ya mwanamke mmoja ambayo dunia haitayasikia tena kwa sababu ya vidole hivi.

Mwenyezi Mungu akupe masikio yasiyochoka haraka na moyo wa kutaka kujua. Akujalie mengi ya kupenda kutoka mbali na kutoka karibu. Na siku yako ya kusema itakapofika, mwanangu, akuletee watu watakaokaa nawe hadi neno lako la mwisho.